Cheti cha Kuwa Mzima

Sekretari alilazimika kusoma masharti kwa sauti, maana karatasi iliyobandikwa mlangoni ilikuwa imelowa mvua na wino wake wote ulikuwa umetiririka. Wazazi na vijana walijazana mbele ya kile chumba kidogo karibu na soko la Baraka, ambako taasisi moja ya tiba ya Uvira ilikuwa ikipokea maombi ya wanafunzi wapya. Adolphine alisimama nyuma ya binti yake Ketsia, mkono begani kwake, kama mtu anayemzuia mtoto asikimbilie barabarani.

"Diplome ya Serikali, ao attestation kwa bale diplome yabo haiyatoka," alisema sekretari, kijana mwenye shati lililopigwa pasi, jina lake Déogratias. "Kwa section ya wakunga, mwenye alipata chini ya asilimia hamsini na tano asijisumbue. Buleti za mwaka wa tano na wa sita, na muhuri ya shule juu yake. Attestation ya kuzaliwa. Mafoto. Na sertifika ya dokta, ionyeshe kama muntu iko muzima."

Kila sharti lilipotajwa, Ketsia aligeuka akamtazama mama yake kwa tabasamu. Egzeta, mtihani wa Serikali wa kumaliza shule, alikuwa ameifaulu kwa asilimia sitini na nne. Buleti, zile ripoti za shule, zilikuwa kwapani mwake, ndani ya mfuko wa plastiki. Sharti la mwisho lilipotajwa hakugeuka.

"Muzima namna gani?" aliuliza mzee mmoja. "Muntu mwenye kutembea na miguu yake, si iko muzima?"

Watu wakacheka.

"Dokta atapima macho, kifua, damu, mikojo," Déogratias akajibu. "Atauliza pia kama hana ugonjwa wa kuanguka. Hatuwezi kutuma muntu mu chumba cha kuzalisha, halafu aangukie mutoto wa bantu."

Wakacheka tena, na Adolphine naye akacheka. Alicheka kwa nguvu kuliko wote, hata jirani yake Mama Tania, aliyekuja kumwandikisha binti yake mwenyewe, akamgeukia kumtazama. Chini ya kiganja chake bega la Ketsia lilikuwa gumu kama ubao.

*

Ketsia alikuwa na kifafa. Neno hilo halikutamkwa nyumbani kwao. Walisema "ile kitu", na hata hivyo walisema kwa sauti ya chini, baada ya kuhakikisha hakuna mtu uani. Kila mwezi Adolphine alikwenda Lweba, akiwaambia majirani anakwenda kununua mihogo, na kweli alirudi na mihogo kichwani. Lakini ndani ya kitenge, kwenye fundo la kiunoni, alirudi na vidonge vyeupe kutoka zahanati ya huko, mahali ambapo hakuna aliyejua anatoka nyumba gani. Tangu Ketsia aanze kuvimeza alianguka kwa nadra sana, na kila mara ilikuwa nyumbani, mlango umefungwa.

Ugonjwa wenyewe Adolphine alikuwa ameuzoea. Alichoogopa ni watu. Katika mtaa wao alikuwapo kijana aliyekuwa akianguka. Alikuwa na sahani yake, kikombe chake, na mkeka wake nje. Siku alipoangukia kwenye jiko la makaa, watu walisimama wakimtazama akiungua, kila mmoja akimwambia mwenzake asimguse, ile kitu inahama kwa mate. Kijana yule alikaa mwezi mmoja na vidonda, kisha wakamzika. Tangu siku hiyo Adolphine hakuwahi kulala vizuri.

Jioni hiyo mumewe Albert, fundi wa kuchonga mitumbwi, alikaa muda mrefu mbele ya ugali bila kuumega.

"Kwa nini lazima akuwe mukunga?" akauliza. "Aende afundishe. Mwalimu habamupimi mikojo."

"Baba, mi sitaki kufundisha."

"Unataka, hautaki! Unajua bantu batasema nini? Batasema nilikuuza ku buchawi ju nipate bakliya, bantu ya kununua mitumbwi. Batasema bile vyombo yangu yote ya kazi niliipata na damu yako."

Ketsia aliinamisha kichwa. Alikuwa msichana mrefu, mwenye sauti ya chini, ambaye shuleni alipewa kazi ya kuwasomea wenzake kwa kuwa hakukosea maneno. "Nikikuwa na cheti, hakuna mwenye atajua," akasema. "Nakunywa dawa. Sianguki."

Albert akamtazama mkewe. Kisha akasema, kama mtu anayetema kitu, "Willy anaandikaka zile karatasi."

*

Willy alikuwa mhudumu wa zahanati ndogo ya mtu binafsi nyuma ya soko. Aliwapokea Albert na Adolphine kwa uchangamfu, akatoa karatasi yenye kichwa tayari, akaandika jina la Ketsia, uzito na urefu aliobuni mwenyewe, na damu ambayo hakuwahi kuiona. Alipofika mahali pa saini aliinua kalamu.

"Lakini mutoto mwenyewe iko wapi?"

"Iko na kazi nyumbani," alisema Albert.

"Kazi." Willy akawatazama mmoja baada ya mwingine. "Bazazi bengine banakuyaka hapa na batoto yabo. Nyiye munakuya bila mutoto. Hapa karibu na hospitali, mulipita mulango yake, mukakuya kwangu. Iko na nini?"

Albert aliingiza mkono mfukoni, akaongeza juu ya pesa waliyokubaliana, akaisukuma mezani bila kumtazama Willy usoni. Willy akaiacha pale kwanza, akijifanya haioni. Albert akaongeza tena.

"Basi," Willy akasema, akigonga muhuri. "Mi sikuuliza kitu."

Njiani kurudi nyumbani Albert alitangulia mbele, akitembea haraka, na Adolphine hakujaribu kumfikia. Alijua mumewe hakutaka kuonwa uso.

Kesho yake Ketsia aliupeleka mfuko wake wa karatasi, mama yake nyuma. Déogratias alizipitia moja moja, akizipanga vizuri. Alipofika kwenye cheti cha Willy akasimama.

"Hii saini naijua," alisema, na hakupunguza sauti ingawa foleni ilikuwa imewabana. "Mama, hizi karatasi tulizikatala tangu mwaka ulipita. Cheti kitoke hospitali, na mutoto aende kule yeye mwenyewe na miguu yake. Ijumaa tunafunga. Na mwenye kuleta ya uongo mara ya pili, jina yake tunaifuta, hata mwaka kesho asikuye."

"Hatukujua, baba," alisema Adolphine kwa kijana aliyeweza kuwa mwanawe.

"Mulijua."

Nyuma yao mtu alinong'ona, "Kwani mutoto yabo iko na nini?" Adolphine hakugeuka. Alikusanya karatasi zote, akazitia tena kwenye mfuko. Mama Tania akamshika mkono.

"Usisikie haya, Mama Ketsia. Willy alidanganya bengi. Siye tunaenda hospitali Alhamisi na Tania. Tutaenda wote pamoja, batoto basiogope sindano."

Lilikuwa neno la wema, na Adolphine hakupata namna ya kulikataa.

*

Uwanja wa hospitali Alhamisi ile ulijaa vijana waliofaulu egzeta na wazazi wao. Walikaa kwenye mabenchi ya saruji kando ya ukuta, wakisubiri kuitwa na daktari. Tania alikuwa na mzaha mwingi, akiiga jinsi mwalimu wao wa biolojia alivyokuwa akitembea. Ketsia alicheka kidogo.

Adolphine alikuwa hajala kitu tangu asubuhi. Alikuwa akirudia kichwani majibu aliyomfundisha binti yake. Umewahi kuanguka? Hapana, dokta. Kuna mtu wa kwenu anayeanguka? Hapana, dokta. Unameza dawa yoyote? Ya malaria tu, mwaka jana. Kila akirudia, majibu yalisikika ya uongo zaidi.

Ndipo alipoiona ile alama. Ketsia alikuwa akisugua kidole gumba juu ya vidole vingine, polepole, bila kujua kwamba anafanya hivyo, na alikuwa akimeza mate, akimeza tena, akiwa ametazama mahali pasipo na kitu.

"Ketsia," Adolphine alimnong'oneza sikioni. "Ulimeza?"

"Sijameza tangu Jumapili, mama."

"Ju ya nini?"

"Tania alisema... beko banaona dawa yote mu mikojo. Hata ya zamani. Nilisema iishe kwanza mu mwili."

Adolphine alisimama amtoe uwanjani, nyuma ya jengo, popote penye ukuta. Alimshika kwapa akamwinua, wakapiga hatua chache, na Ketsia akatoa ile sauti ambayo mama yake aliijua kuliko sauti nyingine yoyote duniani, akakakamaa, akaanguka chali katikati ya uwanja.

Mabenchi yalibaki matupu kwa ghafla. Watu walirudi nyuma wakikanyagana. Adolphine alikuwa tayari amepiga magoti. Alivua kitenge cha begani akakiweka chini ya kichwa cha mwanawe, akamgeuza ubavu, akashika bega lake tu huku mwili ukirukaruka kwenye changarawe. Alisikia kila kilichosemwa.

"Musimuguse! Mate yake!"

"Shetani ile."

"Mulete kijiko, batie mu kinywa!"

"Hapana!" Adolphine akapiga kelele. "Musitie kitu mu kinywa!"

Alipoinua macho aliona Mama Tania amemvuta Tania hadi ukutani, akimfunika uso kwa mkono kama mtu anayemziba mtoto macho asione maiti. Kikombe ambacho Tania na Ketsia walikuwa wakinywea kilikuwa kimetupwa chini.

Muuguzi mmoja alifika. "Mama, ni malaria?"

"Malaria," alisema Adolphine haraka. "Alilala na homa. Ni malaria."

Daktari alitoka nyuma ya muuguzi. Alikuwa mwanamke mfupi, wa kutoka Bukavu, ambaye watu walimwita Dokta Rosette. Alichuchumaa, akamtazama Ketsia, akaangalia kitenge chini ya kichwa na namna alivyolazwa ubavu. Kisha akamtazama mama.

"Wewe unajua hii kitu," alisema. "Anakunywa dawa gani?"

Adolphine alivuta ncha ya kitenge chini ya kichwa cha mwanawe. Waliokuwa wamekimbia sasa walikuwa wakisogea tena, si kusaidia, bali kusikia.

"Mama. Nikimudunga dawa bila kujua kile anakunywa, naweza kumuumiza. Niambie."

Aliwaza ile sahani ya peke yake, ule mkeka wa nje. Aliwaza jiko la makaa. Mwili wa Ketsia ulitikisika tena chini ya mkono wake.

"Iko na kifafa," alisema Adolphine, na sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Anakunywa fenobarbital, tangu mutoto. Aliacha Jumapili. Aliogopa nyiye."

*

Ketsia alipoamka alikuwa kwenye kitanda cha chumba cha daktari, sketi yake imelowa. Jambo la kwanza alilofanya ni kuigusa ile sketi. Jambo la pili ni kumtazama mama yake, na Adolphine akaondoa macho.

"Baliona?"

"Baliona."

"Bote?"

Adolphine alimfunga kitenge kiunoni, akakikaza vizuri, kama alivyokuwa akimfunga alipokuwa mdogo.

Albert alifika akihema, vumbi la mbao bado kwenye nywele. Habari ilikuwa imemfikia kabla mtu wa kutumwa hajaondoka. Alisimama mlangoni akavua kofia.

"Dokta," alisema, "mi ni fundi tu, sijui maneno mingi. Naomba uandike muzima. Akikunywa dawa, haangukaki. Andika tu ile neno moja."

"Siwezi, papa. Bantu makumi balimuona."

"Ukiandika jina ya ugonjwa, umemuua. Nani atamuoa? Nani atakaa naye mu chumba?"

Dokta Rosette alivuta kiti akakaa, akapumzisha mikono mezani. Alionekana kuchoka. "Siwezi kuandika kama hana kitu. Na siwezi kuandika kama hafai, ju ingekuwa uongo pia. Leo ameanguka ju aliacha dawa gafla. Akimeza kila siku, anaweza kusoma kama mwengine. Lakini kuzalisha peke yake usiku, na mutoto wa muntu mu mikono... hiyo siwezi kuikubali, hata angekuwa mutoto wangu. Nitaandika haya yote. Ao siandiki kitu, muende nyumbani na mungojee mwaka kesho. Muchague."

Albert alimtazama mkewe, akingojea aseme waende nyumbani. Adolphine naye alitamani kusema hivyo. Alitamani mlango, kufuli, na kuta za udongo. Alitamani mwanawe asitoke tena hadi watu wasahau.

"Andika, dokta," alisema Ketsia kutoka kitandani. Midomo yake ilikuwa na jeraha alipojiuma, na maneno yalitoka mazito. "Bamekwisha kujua. Nitafichia nani sasa?"

*

Kabla giza halijaingia, mtaa wote ulikuwa umejua. Mama Tania alimtuma mtoto arudishe beseni aliloazima, na beseni lilikuwa limesuguliwa kwa majivu hadi linang'aa. Mwanamke aliyekuwa akinunua ndakala, wale dagaa wa ziwani, kwa Adolphine kila asubuhi alipita upande wa pili wa njia akijifanya anaongea na simu. Mteja mmoja wa Albert alikuja kusema mtumbwi wake hauna haraka tena, ataona. Albert alimwitikia "Sawa, sawa," akaendelea kupiga randa ubao uliokwisha kuwa laini.

Ijumaa Ketsia alivaa nguo ya kanisani, akachukua mfuko wake. Adolphine alimfuata kwa mbali kidogo, kisha akaona aibu ya umbali ule, akaongeza mwendo.

Benchi la nje ya ofisi lilikuwa limejaa. Walipojibana ukingoni, watu waliinuka mmoja mmoja, huyu akijinyosha, yule akiangalia jua, hadi mama na binti wakabaki peke yao. Déogratias alisoma cheti cha daktari mara moja, akakisoma tena. Safari hii hakupaza sauti. Alitoka na simu yake hadi nyuma ya jengo, akakaa huko muda mrefu. Adolphine alitazama mikono ya Ketsia. Kidole gumba kilikuwa kimetulia, lakini aliendelea kukitazama.

"Niliongea na mukubwa wa Uvira," alisema Déogratias aliporudi. Alimwelekea Ketsia, si mama. "Wakunga, hapana. Balikatala kabisa, na mi sina namna. Lakini kuna section ya afya ya jamii. Kufundisha bantu ju ya maji, chanjo, magonjwa. Kule banakubali ufanye mtihani ya kuingia kama bengine. Kama utafaulu, inaomba kule utalala kukuwe muntu mwenye anajua hali yako."

Machozi yalimshuka Ketsia, akayaacha yashuke. "Mi nilitaka kuzalisha," alisema.

"Najua."

"Tangu nikiwa mudogo."

Déogratias alisogeza kalamu kwenye ukingo wa meza. Adolphine alidhani binti yake atainuka aondoke, na sehemu ya moyo wake iliomba iwe hivyo. Ketsia alijifuta uso kwa mgongo wa mkono, akashika kalamu, akaandika jina la section nyingine mahali alipoonyeshwa.

*

Mtihani ulifanyika katika darasa la shule moja ya mjini, na Adolphine alikaa nje ya dirisha tangu mwanzo hadi mwisho, akisikiliza kama kuna kiti kitakachoanguka. Hakikuanguka. Majina yalipotoka, la Ketsia lilikuwamo.

Siku ya safari, njia ya barabara ilikuwa na habari mbaya za watu wenye silaha, hivyo abiria wote wa Uvira walishuka ziwani kupanda boti. Albert alibeba sanduku hadi ufukweni, akamshika binti yake mkono kwa muda, akasema, "Umeze kila siku," kisha akaenda kusimama mbali akikagua mbao za boti lisilo lake. Shangazi mmoja angempokea Uvira. Alikwisha kuambiwa kwa simu, na kwa shingo upande alikubali. Lakini kati ya Baraka na Uvira kulikuwa na maji, saa nyingi za maji, na Ketsia alikuwa akienda peke yake.

Adolphine aliwatazama watu wakipanda. Tania alikuwa amekwisha kukaa mbele na mizigo yake, uso ameuelekeza ziwani. Mwenye boti, mtu mzima aitwaye Zakaria, alikuwa akipanga abiria na magunia ili chombo kisiegemee upande mmoja. Adolphine aliingia majini hadi magotini.

"Kaka, naomba."

"Sema, mama."

Watu walikuwa wamejaa pande zote. Angeweza kumnong'oneza, lakini injini ilikuwa imewashwa.

"Ule musichana wangu, mwenye nguo ya buluu. Iko na kifafa. Alikunywa dawa leo. Umuweke katikati, mbali na maji. Akianguka, umulaze ubavu, usimutie kitu mu kinywa."

Mwanamke aliyekuwa jirani na Ketsia alivuta kikapu chake pajani. Zakaria alimtazama Adolphine, akamtazama msichana, akakuna shingo.

"Akianguka, inachukua muda?"

"Kiloko, muda kidogo tu. Halafu analala."

"Basi." Zakaria akageuka. "We mwenye gunia ya mihogo, sogeza. Mutoto, kuya huku katikati, shika hapa. Haya, tunaenda!"

Boti liliondoka. Ketsia hakupunga mkono, kwa sababu alikuwa ameshika kamba kwa mikono yote miwili kama alivyoambiwa. Adolphine alibaki majini akihesabu vichwa, akikitafuta cha katikati, akiogopa kupepesa macho. Hakujua angeishije na hofu hii ya sasa, ambayo haikuwa na mlango wa kuifungia.

Mtu alimgusa mkono. Alikuwa mwanamke asiyemjua, kijana, mwenye kilemba kilichochakaa, labda wa kutoka vijiji vya Ubwari, amekuja sokoni. Alitazama nyuma kabla ya kusema.

"Mama, nilisikia. Hiyo dawa..." Alisogea karibu. "Hiyo dawa inapatikana wapi? Mutoto yangu ni mwanaume, iko mudogo bado. Tunamufungiaka mu nyumba."

Adolphine alitazama boti, ambalo lilikuwa limeshakuwa dogo. Alitazama ufukweni, kwa watu waliosimama wakiwaangalia wawili wale. Kwa mazoea ya miaka, jibu lililomjia kwanza lilikuwa la uongo. Alitoka majini, akakamua pindo la kitenge chake.

"Kuya," alisema. "Nitakupeleka kwa Dokta Rosette. Tupite hapa sokoni, ni karibu zaidi."